Jiko Ndani ya Kontena: Hewa, Moto na Usafi wa Sehemu Finyu ya Kupikia

Utangulizi

Bandari ya Dar es Salaam hupokea makontena ya mizigo kila siku, na si yote hurudi baharini. Baadhi huuzwa yakiwa yamechakaa, hukatwa madirisha, hupakwa rangi na kuanza maisha mapya kama maduka, ofisi, vibanda vya walinzi, vyumba vya kulala na majiko. Kuanzia Bunju na Tegeta katika Wilaya ya Kinondoni hadi Mbagala na Chamazi katika Wilaya ya Temeke, mpita njia huona makontena yanayokaangiwa chipsi, pamoja na matela ya mizigo na magari madogo yaliyogeuzwa kuwa mikahawa ya kuhama. Wapo pia mafundi na walinzi wanaoishi ndani ya vyumba hivyo vya chuma, wakipika na kulala chini ya paa lilelile.

Kontena lina faida zake. Haliliwi na mchwa, halivunjwi kirahisi na mwizi, na linaweza kuhamishwa mwenye kiwanja anapokihitaji kiwanja chake. Hata hivyo, chombo hiki kilibuniwa kulinda bidhaa dhidi ya maji na upepo wa bahari. Sifa inayolinda magunia ya mchele, yaani kutopitisha hewa, ndiyo inayomdhuru mpishi.

Somo hili limekusudiwa kwa makundi mawili. La kwanza ni wapishi, mama lishe, baba lishe na familia zinazotumia sehemu kama hizo. La pili ni watoa huduma za afya wanaowapokea watu hao kliniki wakilalamika kichwa, kizunguzungu, kifua au majeraha ya moto. Baada ya kulisoma, msomaji ataweza kueleza hatari kuu za jiko la kontena au tela, kulipanga jiko hilo kwa usalama kulingana na uwezo wake wa fedha, na kutambua mgonjwa ambaye chanzo cha ugonjwa wake ni mahali anapopikia.

Kulijua sanduku lenyewe

Kontena dogo la kawaida, lile la futi 20, lina nafasi ya ndani yenye urefu wa takriban mita 5.9, upana wa mita 2.35 na kimo cha mita 2.39. Ujazo wake ni mita za ujazo 33 hivi. Tela la mizigo lenye urefu wa mita 3, upana wa mita 1.5 na kimo cha mita 1.8 lina mita za ujazo 8 tu, yaani robo ya kontena. Takwimu hizi zinafaa kukumbukwa, kwa sababu kadiri chumba kinavyokuwa kidogo ndivyo hewa yake inavyochafuka upesi.

Kabla ya kununua, mnunuzi aulize kontena lilibeba nini. Kontena lenye harufu kali ya kemikali, au lenye madoa ya mafuta yaliyopenya kwenye sakafu, halifai kwa chakula hata likioshwa. Pia aisome bamba la chuma lililopigwa mlangoni, ambalo huonyesha mwaka wa kutengenezwa na, mara nyingi, dawa iliyotumika kutibu mbao. Sakafu za makontena mengi ni za plaiwudi nene iliyotiwa dawa ya kuua wadudu ili mbao zisisafirishe wadudu kutoka nchi moja hadi nyingine. Sakafu hiyo ama ing'olewe, ama ifunikwe kabisa kwa bati bapa au kwa zege jembamba na vigae. Mbao zilizong'olewa zisitumike kamwe kama kuni, kwa maana moshi wake hubeba sumu ya dawa ile hadi mapafuni na kwenye chakula.

Rangi ya nje nayo ina jambo lake. Rangi za kuzuia kutu katika makontena ya zamani huweza kuwa na madini mazito kama risasi na kromiamu. Fundi anayekata dirisha kwa grenda au kwa moto wa kuchomelea hupumua vumbi na mvuke wa rangi hiyo. Kazi ifanyike mahali pa wazi, fundi avae barakoa ya kuchuja vumbi na miwani, na watoto wawekwe mbali hadi vumbi lote lifagiliwe kwa maji.

Hewa: adui asiyeonekana wala kunusika

Mkaa ukishakolea hautoi moshi mwingi. Kwa sababu hiyo watu wengi huamini kwamba jiko la mkaa lililokwisha kuwaka vizuri laweza kuingizwa ndani bila madhara. Ukweli ni kinyume chake. Mkaa unaowaka mahali penye hewa kidogo hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi, haina harufu na haikeri macho. Mtu huipumua bila kuwa na habari.

Gesi hii ikifika kwenye damu hushikamana na himoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Himoglobini iliyotekwa hivyo haiwezi kubeba oksijeni, na ile iliyobaki huishikilia oksijeni yake bila kuiachia ipasavyo kwenye viungo. Ubongo na moyo, vinavyohitaji oksijeni nyingi, ndivyo huumia kwanza. Dalili za awali ni maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu na kukosa umakini. Zikiendelea huja kutapika, kuchanganyikiwa, kuzirai na kifo.

Hesabu rahisi yaonyesha ukubwa wa hatari. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka kiwango cha kaboni monoksaidi kisizidi miligramu 100 katika mita moja ya ujazo kwa dakika 15, miligramu 35 kwa saa moja, na miligramu 4 kwa wastani wa saa 24. Kilo moja ya mkaa huweza kutoa gramu 100 za gesi hiyo au zaidi. Gramu 100 zikisambaa katika kontena la mita za ujazo 33 lililofungwa kabisa, kila mita ya ujazo itapata miligramu 3,000 hivi, sawa na mara 30 ya kiwango cha juu cha robo saa. Kweli, hakuna kontena lenye madirisha linalofungwa kabisa. Lakini tofauti kati ya kupona na kufa huwa ni ukubwa wa tundu la kutolea hewa.

Imani kadhaa zinazozoeleka zinahitaji kusahihishwa. Beseni la maji lililowekwa karibu na jiko haliondoi gesi hii. Kitambaa chenye maji puani hakiichuji, wala barakoa ya kawaida. Kinga ni mbili tu: kutoizalisha ndani, au kuitoa nje kwa mkondo wa hewa usiokatika. Na kwa wanaolala ndani ya kontena, kanuni ni moja isiyo na ruhusa ya kuvunjwa: jiko la mkaa halilali chumba kimoja na binadamu, hata usiku wa baridi, hata likiwa limefunikwa majivu. Jenereta nayo hutoa gesi hiyohiyo. Iwekwe mbali nje, upande ambao upepo hauelekei mlangoni.

Zaidi ya sumu hii ya haraka, moshi una madhara ya polepole. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa uchafuzi wa hewa ya majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, vikiwemo zaidi ya 237,000 vya watoto walio chini ya miaka 5. Magonjwa yanayohusika ni nimonia kwa watoto, magonjwa sugu ya mapafu, kiharusi, magonjwa ya moyo na saratani ya mapafu. Ni kwa sababu kama hizi Tanzania ilizindua, Mei 2024, Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ifikapo mwaka 2034.

Gesi ya mitungi: nishati safi yenye masharti

Gesi ya kupikia ni hatua kubwa mbele kwa afya ya mapafu. Lakini ndani ya kontena inadai nidhamu. Gesi hiyo ni mchanganyiko wa propeni na buteni, na zote mbili ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu kama moshi. Huteremka, hutambaa sakafuni na kujikusanya kwenye pembe na mashimo. Harufu kali inayonukia si ya gesi yenyewe, bali imeongezwa makusudi ili watu waonywe.

Gesi hii hushika moto inapofikia takriban asilimia 2 ya hewa. Katika tela la mita za ujazo 8, kiasi cha gramu 350 hivi chatosha kulifanya tela zima kuwa bomu. Mtungi mdogo wa kilo 6 una kiasi hicho mara 17. Na kwa kuwa gesi hubaki chini kwanza, hata kiasi kidogo zaidi chaweza kuwaka kwenye usawa wa miguu wakati pua ya aliyesimama haijanusa kitu.

Kwa hiyo mtungi ukae nje, umesimama wima, kivulini, ndani ya kizimba cha nondo au wavu kinachopitisha hewa, na angalau mita moja kutoka mlangoni, kwenye mtaro au kwenye soketi ya umeme. Mpira wa gesi uingie ndani kupitia kipande cha bomba la chuma ili makali ya ukuta yasiukate. Usizidi mita moja na nusu, usipite nyuma ya jiko lenye moto, na ubadilishwe mara unapoonyesha nyufa au ukakamavu. Kila mtungi mpya unapofungwa, maungio yapakwe povu la sabuni. Mapovu yanayokua ni dalili ya uvujaji. Njiti ya kiberiti isitumike kamwe kutafuta mahali panapovuja.

Harufu ikisikika, hatua ni hizi kwa mpangilio: zima moto wote, funga valvu ya mtungi, fungua milango, toa watu nje. Swichi ya umeme isiwashwe wala isizimwe, na simu isipigwe mpaka mtu awe mbali, kwa kuwa cheche ndogo yatosha. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Kupanga jiko hatua kwa hatua

Kwanza, uelekeo. Dar es Salaam hupata upepo wa kaskazi kutoka kaskazini-mashariki kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi kutoka kusini-mashariki katika miezi ya katikati ya mwaka. Kontena likilazwa urefu wake kutoka mashariki hadi magharibi, kuta zake ndefu hutazama kaskazini na kusini. Madirisha yakikatwa kwenye kuta hizo mbili, yakitazamana, upepo wa misimu yote miwili hupita ndani, na jua kali la asubuhi na jioni hupiga pande fupi tu.

Pili, matundu ya hewa. Yanahitajika ya aina mbili. Matundu ya chini, karibu na sakafu, huingiza hewa safi na kuitoa gesi nzito iliyovuja. Matundu ya juu, chini kidogo ya paa, hutoa hewa ya moto, mvuke na moshi. Tundu moja pekee halitoshi, kwa kuwa hewa haiwezi kutoka vizuri pasipo nyingine kuingia. Matundu yawekwe wavu wa kuzuia panya na inzi, na kofia ya bati ya kuzuia mvua ili mpishi asishawishike kuyaziba wakati wa masika. Kila ukuta uliokatwa uimarishwe kwa fremu ya chuma, maana kuta za kontena ni sehemu ya uimara wake.

Tatu, mahali pa jiko. Jiko lisiwe karibu na mlango pekee wa kutokea. Likiwaka moto, mpishi abaki kati ya jiko na mlango, si nyuma ya jiko. Milango mikubwa ya kontena hufungwa kwa nje. Ni lazima uwepo mlango wa pili unaofunguka kwa ndani bila ufunguo. Juu ya jiko iwekwe kofia ya bati pana kuliko jiko lenyewe, yenye bomba la moshi linalopita juu ya paa. Feni ya kutolea hewa husaidia sana kikaango cha chipsi, ila mafuta yanayoganda ndani ya bomba yasafishwe mara kwa mara, kwani hushika moto.

Nne, kuta. Sponji na plastiki nyepesi zinazobandikwa ukutani ili kupunguza joto huwaka upesi na kutoa moshi wenye sumu, ikiwemo sianidi. Nyuma ya jiko patumike bati lisiloshika kutu, likiachwa nafasi ya hewa kati yake na ukuta. Pazia, makaratasi na vibao vya matangazo vikae mbali na moto.

Tano, umeme. Kontena ni chuma kitupu. Waya mmoja uliochubuka waweza kuupa umeme ukuta mzima. Mwili wa kontena uunganishwe na waya wa ardhi, na ufungwe mfumo wa kukata umeme haraka pale unapovuja. Kazi hii ifanywe na fundi aliyesajiliwa.

Sita, vifaa vya moto. Blanketi la kuzimia moto na mtungi wa kuzimia moto vikae karibu na mlango. Mafuta yanayowaka hayazimwi kwa maji: maji hugeuka mvuke ghafla na kuyarusha mafuta yenye moto hewani. Zima gesi, funika sufuria kwa mfuniko au blanketi, na usiihamishe.

Kwa tela la kuhama yaongezwe mambo matatu. Vitu vizito vipangwe chini na kugawanywa sawasawa ili tela lisiyumbe. Mtungi ufungwe valvu na kukazwa wima kabla ya safari. Na mtu yeyote asipande ndani ya tela likiwa barabarani, wala jiko lisiwashwe kabla magurudumu hayajawekewa vizuizi.

Joto la chuma

Mchana wa Februari, hewa ya Dar es Salaam hufikia nyuzi joto 31 hadi 33 ikiwa na unyevu mwingi. Ndani ya chuma kilichopigwa na jua, pembeni mwa kikaango, joto huzidi hapo sana. Mwili hujipoza kwa jasho kukauka. Unyevu ukiwa mwingi jasho halikauki. Dalili za mwili kuzidiwa ni misuli kukaza, kichwa kuuma, moyo kwenda mbio na kizunguzungu. Mtu akianza kuchanganyikiwa au kuzirai huku mwili ukiwa wa moto, hiyo ni dharura: apelekwe kivulini, amwagiwe maji, apepewe na kuwahishwa hospitali.

Paa la pili la bati, lililoinuliwa sentimita 30 hadi 50 juu ya lile la chuma, hupunguza joto kwa gharama ndogo, na rangi nyeupe husaidia. Makuti hupoza vizuri zaidi lakini yasiwe karibu na bomba la moshi. Mpishi anywe maji kidogo kidogo hata kabla ya kiu. Wajawazito, wazee, na wagonjwa wanaotumia dawa za shinikizo la damu zinazoongeza mkojo wapate ushauri wa pekee kutoka kwa mtoa huduma wao.

Maji na usafi wa chakula

Mwezi Agosti 2015 mlipuko wa kipindupindu ulianzia Kinondoni na hatimaye kusambaa katika mikoa mingi ya nchi. Funzo lake kwa wapishi halijachakaa: chakula kizuri hugeuka sumu kwa maji machafu na mikono isiyooshwa. Kontena nyingi hazina bomba wala mfereji, kwa hiyo ni lazima mpango wa maji uwekwe tangu siku ya ujenzi.

Yahitajika vyombo viwili tofauti vya maji safi vyenye mfuniko na bomba: kimoja cha kunywa na kupikia, kingine cha kunawa mikono kikiwa na sabuni. Kuchota kwa kikombe kuepukwe. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa. Maji yaliyotumika yaingie kwenye ndoo au pipa lenye mfuniko na kumwagwa panapostahili, si uvunguni mwa kontena ambapo inzi na mbu huzaliana.

Nyama mbichi iwe na kisu na ubao wake. Chakula kiive hadi kitovu chake kifike nyuzi joto 70. Kikishaiva kisikae zaidi ya saa 2 katika joto la kawaida; ama kiendelee kuwa cha moto kuzidi nyuzi 60, ama kipozwe chini ya nyuzi 5. Tahadhari hii inahusu hata wali mkavu, kwa kuwa bakteria wake huacha mbegu zinazostahimili kuchemshwa na kutoa sumu ambayo kupasha moto tena hakuiondoi. Ndani ya kontena, ambako joto la kawaida tayari ni kubwa, saa 2 zihesabiwe kuwa nyingi.

Mgonjwa kliniki: mfano wa kufundishia

Mfano huu umetungwa kwa ajili ya somo. Mama lishe mwenye umri wa miaka 34, mjamzito wa miezi 5, anafika zahanati kwa mara ya tatu ndani ya mwezi wa Aprili. Anaumwa kichwa, ana kichefuchefu na uchovu. Hana homa. Mara mbili za kwanza kipimo cha haraka cha malaria hakikuonyesha vimelea, naye akapewa dawa ya maumivu. Shinikizo lake la damu ni la kawaida, mkojo hauna protini, wingi wa damu unaridhisha, na kipima oksijeni cha kidoleni kinasoma asilimia 98.

Muuguzi anauliza swali ambalo halijaulizwa: "Mama, unapikia wapi, na kwa nishati gani?"

"Kwenye kontena, nesi. Natumia mkaa, majiko mawili."

"Ukipika, mlango na dirisha vinakuwa wazi?"

"Siku za jua, ndiyo. Siku hizi za mvua nafunga, maji yanaingia kwenye unga."

"Na binti anayekusaidia, hajambo?"

"Naye kichwa kinamsumbua. Jumapili tukipumzika, wote tunakuwa wazima."

Majibu hayo yanatoa picha kamili: hakuna homa, zaidi ya mtu mmoja anaumwa mahali pamoja, dalili huzidi siku za kufunga mlango, na nafuu hupatikana wakiondoka. Mtoa huduma apaswa kushuku sumu ya kaboni monoksaidi. Asidanganywe na kipima oksijeni: kifaa cha kawaida hakitofautishi himoglobini yenye oksijeni na ile yenye kaboni monoksaidi, hivyo husoma vizuri hata mgonjwa akiwa hatarini. Kipimo cha damu kinachotofautisha himoglobini hizo kikiwepo kifanyike, lakini tiba isisubiri majibu.

Tiba ya kwanza ni kumtoa mgonjwa kwenye hewa chafu na kumpa oksijeni nyingi kadiri iwezekanavyo, kwa barakoa yenye mfuko wa akiba. Katika hewa ya kawaida, nusu ya gesi hiyo huchukua saa 4 hadi 6 kutoka kwenye damu. Kwa oksijeni kamili, muda huo hupungua hadi saa moja au saa moja na nusu. Mjamzito huhitaji oksijeni kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu himoglobini ya mtoto tumboni huishika gesi hii kwa nguvu na kuiachia polepole. Mama aweza kujisikia nafuu wakati mtoto bado anataabika. Mjamzito, aliyezirai, mwenye maumivu ya kifua au aliyechanganyikiwa apewe rufaa huku oksijeni ikiendelea. Wote waelezwe kurudi iwapo, siku au wiki kadhaa baadaye, watapata usahaulifu, mabadiliko ya tabia au kuyumba wanapotembea. Na msaidizi wa mama huyu aitwe, maana yeye pia ni mgonjwa.

Ushauri unaotekelezeka

Kumwambia mama lishe "acha kupikia kwenye kontena" ni kumwambia aache kula. Ushauri mwema hupangwa kwa ngazi. Yasiyo na gharama huanza leo: mkaa uwashiwe na upikiwe nje ya mlango chini ya turubai, dirisha lisifungwe moto ukiwaka, mtoto mchanga asibebwe mgongoni karibu na jiko, maharage yalowekwe usiku ili yaive upesi, na sufuria zifunikwe. Ya gharama ndogo hufuata: matundu ya chini na ya juu, kofia za mvua, wavu na bomba la moshi. Ya mpango wa muda mrefu ni kuhamia kwenye gesi au umeme, paa la pili na mlango wa dharura. Haya huweza kufikiwa kwa kikoba au mkopo wa kikundi. Afisa afya wa kata aombwe ushauri kabla kontena halijakatwa, maana tundu lililokosewa ni gharama mara mbili.

Huduma ya kwanza kwa aliyeungua

Nguo zikishika moto, mtu asikimbie. Asimame, alale chini, ajiviringishe. Sehemu iliyoungua imwagiwe maji safi yanayotiririka, ya baridi ya kawaida na si ya barafu, kwa dakika 20. Pete, bangili na nguo zisizogandia ziondolewe kabla ya uvimbe. Dawa ya meno, yai bichi, majivu na mafuta visipakwe: huhifadhi joto, huleta vijidudu na humsumbua daktari anayetaka kuona kidonda. Jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi. Apelekwe hospitali mara moja aliye na jeraha linalozidi kiganja chake, aliyeungua uso, mikono, maungio au sehemu za siri, aliyepigwa na umeme, mtoto mdogo, na yeyote mwenye sauti iliyokwama au masizi puani, kwa kuwa njia ya hewa yaweza kuziba baadaye.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini mkaa usiotoa moshi huweza kuua?
2. Mtungi wa gesi wapaswa kukaa wapi, na matundu ya chini yanasaidia nini gesi inapovuja?
3. Kwa nini kipima oksijeni cha kidoleni hakitoshi kuondoa shaka ya sumu ya kaboni monoksaidi?
4. Ni maswali gani manne ambayo muuguzi katika mfano aliyauliza, moja kwa moja au kwa kudokeza, na kila moja lilifichua nini?
5. Katika jiko la kontena au tela unalolifahamu, ni jambo gani moja lisilo na gharama laweza kurekebishwa kabla ya mlo wa leo kuinjikwa?